Windows 10 Imefika Mwisho: Ofisi ya Parokia Ifanye Nini?



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga rasmi huduma zake za kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015 na ambao kwa miaka kumi umeendesha kompyuta nyingi za ofisi za parokia, za shule na zahanati zetu, na hata za mafrateri. Kesho yake kompyuta hizo ziliwaka kama kawaida. Printa zilichapa, hati za ubatizo zilitoka, matangazo ya Dominika yaliandikwa. Kwa kuwa hakuna kilichosimama, ni rahisi kudhani kwamba hakuna kilichobadilika. Mimi naona kilichobadilika ni kikubwa, na kwamba parokia inayotunza taarifa za waamini ina wajibu wa kuhamia mfumo mpya, hata kama mashine yake bado inafanya kazi.

Tuanze na jambo lenyewe. Mfumo endeshi ni programu ile kuu inayotangulia programu nyingine zote. Ndiyo inayowasha kompyuta, kutunza mafaili, kuongea na printa na kuamua nani aingie na nani asiingie. Ukilinganisha na nyumba, programu za kuandikia na kupigia hesabu ni samani, lakini mfumo endeshi ni kuta, milango na makufuli. Hakuna mfumo uliowahi kutengenezwa bila nyufa. Wezi wa mitandaoni huzitafuta nyufa hizo kila siku, na watengenezaji huziziba kwa kutuma masasisho. Huduma inapofungwa, kazi ya kuziba hukoma. Nyufa zinazogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi, na wezi wanajua kwamba zitabaki wazi. Kompyuta haionekani kuwa mgonjwa, ila haina tena daktari.

Sasa tujiulize, ndani ya kompyuta ya parokia kuna nini? Kuna orodha za waliobatizwa na walioimarishwa, na majina ya wazazi wao. Kuna taarifa za ndoa, pamoja na barua za mashauri ya ndoa zenye mateso ya watu. Kuna namba za simu za viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, orodha ya zaka na michango inayoonyesha nani alitoa kiasi gani na nani hakutoa, na majina ya wagonjwa na wahitaji wanaosaidiwa. Waamini walitoa taarifa hizo kwa sababu waliliamini Kanisa.

Sheria ya Kanisa haikusubiri kompyuta ili itufundishe juu ya hilo. Kanuni ya 535 inaagiza kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, iwe na mahali pa kuvihifadhi pamoja na hati nyingine, na paroko aangalie visiangukie mikononi mwa watu wasiohusika. Kanuni ya 220 inalinda jina jema la mtu na haki yake ya faragha. Kanuni ya 1284 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa wafanye kazi kwa bidii ya baba mwema wa familia. Parokia inayofunga kabati la vitabu kwa funguo mbili, kisha ikaweka majina yaleyale kwenye kompyuta isiyo na ulinzi, imefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Kwa sisi wa Tanzania ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Wajibu huu basi ni wa dhamiri, na ni wa sheria ya nchi pia.

Wapo watakaosema kwamba natisha watu. Tukumbuke yaliyotokea mwaka 2017. Mwezi Machi mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja mkubwa katika Windows. Tarehe 12 Mei, yaani takriban miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika ufa huohuo. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fidia ya dola 300 kwa kila kompyuta. Kwa siku chache kilifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali nyingi za umma zilivurugika, maelfu ya miadi ya wagonjwa yakaahirishwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Dawa ilikuwa imekwisha kutolewa. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka, na wale waliokuwa na mifumo ya zamani ambayo haikuwa ikitumiwa dawa tena. Kama hospitali zenye mafundi wake zilianguka, ofisi ya parokia yenye katibu mmoja itasimama kwa nguvu gani?

Faida za mfumo mpya haziishii kwenye ulinzi. Programu nazo huhama pamoja na wakati. Google Chrome, kwa mfano, iliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwanzoni mwa mwaka 2023, miaka mitatu baada ya Microsoft kuufunga mfumo huo. Aliyebaki nyuma huona kwanza tovuti moja inakataa kufunguka, kisha printa mpya haitambuliwi, kisha faili lililotoka jimboni halisomeki. Kwenye kompyuta zenye chipu ya usalama ambayo Windows 11 huitaka, diski inaweza kufungwa kwa namna ambayo mwizi akiibeba mashine hawezi kusoma kilichomo. Kwa ofisi zetu, ambazo huvunjwa mara nyingi kuliko tunavyopenda kusema, hilo si jambo dogo. Ila ufunguo wa kufungulia diski hiyo uandikwe na kutunzwa pembeni, maana ukipotea hata mwenye mali hataingia.

Nimesikia pingamizi tatu, na zote zinastahili jibu.

La kwanza ni kwamba kompyuta ya parokia haiunganishwi na intaneti. Ni kweli kwamba hatari hupungua. Lakini tuulizane, matangazo yanachapwa wapi printa ikiharibika? Flashi hutoka ofisini, huenda steshenari ya mtaani, huchomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za watu mia, kisha hurudi. Na siku karani akiwasha intaneti ya simu yake ili atume barua pepe moja tu, utengano huo umekwisha.

La pili ni fedha. Paa la kigango linavuja, wagonjwa wanahitaji msaada, nasi tunazungumzia kompyuta! Pingamizi hili naliheshimu, na parokia inayochagua kuezeka kigango kabla ya kununua mashine mpya haijakosea. Lakini kuhama mfumo si lazima kuwe kununua mashine. Kompyuta yenye Windows 10 inayotimiza masharti huhamia Windows 11 bila malipo. Masharti makuu ni memori ya GB 4 au zaidi, nafasi ya GB 64 kwenye diski, ile chipu ya usalama ya toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane isipokuwa chache. Gharama hapo ni bando na subira ya nusu siku.

Na kama mashine haifiki viwango hivyo? Bado isitupwe. Ipo mifumo ya Linux, kama Linux Mint na Ubuntu, ambayo hupatikana bure na kihalali, hupokea masasisho, na hukaa vizuri kwenye kompyuta nyingi za zamani. Linux Mint huweza kukaa kwenye mashine yenye memori ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora. Huja na LibreOffice, inayofungua na kuandika mafaili ya Word na Excel yaliyo mengi. Katibu atahitaji wiki moja au mbili za kuzoea, na mafaili yenye mapambo mengi yanaweza kukaa vibaya kidogo. Lakini kwa barua, hati na orodha za michango, inatosha kabisa. Kwa anayehitaji muda wa kujipanga, Microsoft ilitangaza mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026. Hiyo ni nafasi ya kupumua, wala tusiifanye kisingizio cha kulala.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: "Kuna fundi atatuwekea Windows mpya kwa elfu kumi." Ndugu zangu, tuliite jambo hili kwa jina lake. Nakala isiyolipiwa ni mali ya mtu iliyochukuliwa bila idhini yake, na amri ya saba haina sehemu inayoziruhusu ofisi za Kanisa. Tena ni hatari. Programu zinazotumika kuidanganya Windows ionekane imelipiwa mara nyingi hukutaka kwanza uzime kinga ya virusi, na nyingi zimebeba virusi ndani yake. Mtu anavunja kufuli ili aweke mlango mpya! Kama uwezo wa kulipia leseni haupo, Linux ni bure na dhamiri inabaki safi.

Ningependekeza basi mambo manne kwa maparoko, halmashauri za walei na kamati za fedha. Kwanza, ihesabiwe kila kompyuta ya parokia, na iandikwe ina mfumo gani na inashika taarifa gani. Pili, kabla ya kugusa chochote, itolewe nakala rudufu ya mafaili yote kwenye diski ya nje, ijaribiwe kama inafunguka, kisha ifungiwe mahali tofauti na kompyuta. Tatu, uhamiaji ufanywe katika wiki tulivu. Wiki ya Pasaka au siku za kuandaa ndoa nyingi hazifai. Nne, vitabu vya karatasi viendelee kuandikwa kwa mkono kama siku zote. Kitabu cha ubatizo kilichoandikwa na wamisionari bado kinasomeka bila umeme, na hakuna mfumo endeshi utakaochukua nafasi yake.

Kwenu mafrateri, nina neno moja zaidi. Wengi wenu mnaijua kompyuta kuliko walezi wenu, na mnapoenda likizo au mwaka wa uchungaji huitwa "mtaalamu" hata kabla ya kufungua begi. Itumieni nafasi hiyo. Mkikuta kompyuta ya parokia ina Windows 7 au Windows 10 isiyopokea masasisho, msiishie kumwekea paroko picha nzuri kwenye skrini. Mwelezeni kwa heshima kilichomo hatarini, mfundisheni katibu kutoa nakala rudufu, na msiondoke hadi amefanya mwenyewe bila msaada. Na siku mtakapokabidhiwa parokia, pamoja na kuuliza funguo za sakristia na kitabu cha benki, ulizeni pia kompyuta ya ofisi ilisasishwa lini mara ya mwisho. Paroko anayekabidhi na asijue jibu, mtafuteni pamoja siku hiyohiyo.