Makumbusho ya London Yafaayo Kuzuru

Kila mwaka vijana wa Kenya huvuka bahari kwenda London, wengine kusoma, wengine kufanya kazi, na wazazi wengine huwafuata ili wawaone siku ya kupewa shahada zao. Wengi hurudi wakiwa wameona madaraja ya mto Thames, jumba la Mfalme na maduka makubwa, basi. Hiyo ni hasara, kwa maana mji huo una majumba ya makumbusho ambayo mtu huingia bila kulipa hata senti moja, na ndani yake zimo habari zituhusuzo sisi wenyewe. Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu juu ya majumba manne, ili atakayejaliwa kufika ajue pa kuanzia, na asiyejaliwa apate faida ya kusoma.

La kwanza ni British Museum, lililoko katika mtaa wa Bloomsbury. Lilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1753, na milango yake ikafunguliwa kwa watu mwaka 1759. Asili yake ni makusanyo ya daktari mmoja, Hans Sloane, ambaye sehemu ya utajiri wake ilitoka katika mashamba ya miwa ya Jamaica yaliyolimwa na watumwa. Leo vitu vilivyomo yapata milioni 8, na vile vinavyowekwa mbele ya macho ya watu ni kama kimoja tu katika kila mia. Kwa hiyo mgeni asijaribu kuona kila kitu kwa siku moja. Atachoka miguu, na kichwani hakitabaki kitu. Afadhali achague vichache avitazame kwa makini.

Alitazame Jiwe la Rosetta, lililoandikwa Misri mwaka 196 kabla ya Kristo. Habari moja imechorwa juu yake kwa maandishi ya namna tatu, na ya chini ni ya Kiyunani. Kwa kuwa Kiyunani kilijulikana, wataalamu walipata ufunguo wa maandishi ya kale ya Misri, na mwaka 1822 Mfaransa Champollion akaeleza jinsi ya kuyasoma. Tena aulize habari za jiwe la kukatia kutoka Olduvai, Tanzania, lililopatikana mwaka 1931 katika safari ya Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete. Jiwe hilo lilichongwa yapata miaka milioni 1.8 iliyopita, nalo ni miongoni mwa vitu vya kale kupita vyote vilivyotengenezwa kwa mkono ambavyo jumba hilo linavyo. Mtu wa Afrika ya Mashariki asimamapo mbele yake hana haja ya kuambiwa kwamba yeye ni mgeni.

Kisha ateremke kwenye vyumba vya Afrika azione sanamu za shaba za Benin, katika nchi iitwayo leo Nigeria. Zilichukuliwa mwaka 1897, majeshi ya Waingereza yalipoushambulia mji huo na kuuteka. Jumba lina vitu zaidi ya 900 vya Benin. Watu wa Nigeria wamevidai kwa miaka mingi, lakini sheria ya Bunge ya mwaka 1963 yawazuia wasimamizi kutoa vitu vya jumba, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Mwaka 2024 baadhi ya vitu vya dhahabu vya Waashanti vilirudi Ghana kutoka London, lakini vilirudi kwa mkopo tu.

Jambo hili halipo mbali nasi. Ndani ya ghala ya jumba hilohilo imo ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa mto Tana, iliyochukuliwa na maafisa wa serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20. Ngoma iliyokuwa ikiwakusanya watu imekaa kimya gizani kwa zaidi ya miaka 100.

Jumba la pili ni la viumbe na mawe, Natural History Museum, katika mtaa wa South Kensington. Jengo lake lilifunguliwa mwaka 1881, na kwa uzuri mtu angedhani ni kanisa kuu. Mlangoni utakutana na mifupa ya nyangumi wa buluu, urefu wake mita 25, aliyekwama pwani ya Ireland mwaka 1891. Watoto hupenda hapo, na pia kwenye mifupa ya dinosauria. Lakini mkulima na awatazame wadudu. Mtaalamu Boris Uvarov, aliyefanya kazi London kati ya makusanyo ya namna hiyo, alieleza mwaka 1921 kwamba panzi akaaye peke yake na nzige waendao kwa makundi waweza kuwa mdudu mmoja, ila hubadilika rangi na tabia wanaposongamana. Tangu hapo ilieleweka kuwa dawa ya nzige ni kuwawahi kabla hawajakusanyika. Sisi tulioona mawingu ya nzige mwaka 2020 hatuwezi kusema kwamba wadudu waliochomwa pini katika sanduku ni mchezo wa wazungu.

La tatu ni makumbusho ya bandarini, London Museum Docklands, yaliyo ndani ya ghala ya sukari iliyojengwa mwaka 1802. Humo chumba kizima chaeleza jinsi sukari ya watumwa ilivyoutajirisha mji. Mbele ya ghala ilisimama sanamu ya Robert Milligan, mfanyabiashara aliyemiliki watumwa, hata ilipoondolewa mwaka 2020.

La nne ni Horniman, kusini ya mji, lililofunguliwa mwaka 1901 kwa mali ya tajiri wa majani ya chai. Ni dogo, lina bustani nzuri, na watu wenye watoto hulipenda. Mwaka 2022 wasimamizi wake waliirudishia Nigeria haki ya kumiliki vitu 72 vya Benin. Hivyo huwezi kusema kuwa jambo hilo haliwezekani.

Sasa, twajifunza nini? Mwaka 2023 British Museum lilitangaza kwamba vitu karibu 2,000 vilikuwa vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, na vingi kati yake havikuwa vimeandikwa sawasawa katika orodha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makarani wanaijua methali hii vema. Makumbusho yetu ya Taifa yameifuata: kwa kushirikiana na wengine yameandika orodha ya vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 vilivyomo katika taasisi 30 za Ulaya na Marekani. Mwenye kudai lazima kwanza ajue anachodai.

Basi, ndugu msomaji, ukienda London, chukua kalamu na daftari. Kila uonapo kitu cha kwetu, andika jina lake, mahali kilikotoka, na mwaka kilipochukuliwa, kama ulivyoandikwa. Ukirudi, waulize wazee kama wakijua. Na usiyekwenda, tazama nyumbani mwako. Kigoda cha babu, kibuyu cha bibi, ala za ngoma zilizotupwa darini: uliza habari zake leo, uziandike, wakati yuko wa kukueleza. Wengi wetu twauza vitu hivyo kwa wapitao njia kwa bei ya kilo chache za sukari, kisha wajukuu watalipa nauli ya ndege kwenda kuvitazama nyuma ya kioo.

Nasi tulio karibu na Nairobi au Mombasa tusingoje safari ya ng'ambo. Jumba la Nairobi limekuwako kilimani tangu mwaka 1930, na makumbusho ya Fort Jesus tangu mwaka 1960. Jumamosi moja yatosha kuanza.