Tela la Safari la Kujitengenezea: Uzito Ukae Wapi?

Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilikuwa likitafuta gari dogo la kupita porini. Kampuni ndogo iitwayo American Bantam, ya mji wa Butler katika jimbo la Pennsylvania, ndiyo iliyowahi kulifikisha gari la mfano mbele ya wakaguzi, tarehe 23 Septemba mwaka huo. Gari hilo ndilo lililozaa Jeep. Hata hivyo, kazi ya kuyaunda magari hayo kwa maelfu ilikwenda kwa Willys na Ford, wenye viwanda vikubwa zaidi, na Bantam ikaachiwa kutengeneza tela la kukokotwa nyuma yake. Mtu angeweza kudhani kwamba mwenye mbuzi ameachiwa kamba.

Lakini tela lenyewe lilikuwa kazi ya watu waliofikiri. Liliitwa tela la robo tani. Likiwa tupu uzito wake ulikuwa kama kilo 250. Katika njia mbovu liliruhusiwa kubeba kilo 225 hivi, na katika barabara njema mara mbili ya hizo. Magurudumu yake yalikuwa yale yale ya Jeep, na nafasi baina ya gurudumu la kulia na la kushoto ilikuwa ile ile, hata tela likapita ndani ya nyayo za gari bila kujichimbia njia yake. Sanduku lake halikuvuja; liliweza kuelea mtoni. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliosonga mbele katika matope ya bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, hawakuhitaji kuhubiriwa faida ya chombo chepesi kinachoweza kunasuliwa kwa mabega ya watu.

Vita vilipokwisha, matela mengi ya namna hiyo yaliuzwa kwa raia. Watu wa Marekani na Australia wakayafunika kwa turubai, wakaweka magodoro na masufuria, wakaondoka na watoto wao kwenda kulala mbali na miji. Land Rover ilipotokea mwaka 1948, nayo ikapata matela yake, na yale yaliyoundwa na Sankey kwa ajili ya jeshi la Uingereza bado yanatafutwa na wapenda safari. Asiyelipata la jeshi hujiundia lake kwa mabomba ya chuma, ekseli kuukuu na mashine ya kuchomelea. Kazi hiyo haimshindi fundi wa karakana ya kikosi, wala askari mwenye likizo na mkono wa kazi. Kinachowashinda wengi ni kujizuia.

Aghalabu mjenzi huanza na hema, kabati na meza ya kukunja, maana hivyo ndivyo vinavyopendeza macho. Inafaa aanze chini, penye magurudumu. Matela mengi ya kujitengenezea hupewa ekseli ya gari lolote lililopatikana, mradi ni rahisi. Siku tairi inapopasuka kilomita 100 kutoka kwenye duka, ndipo mwenyewe anapotambua kwamba gari lina boliti tano na tela lina nne, na gurudumu la akiba la gari halimsaidii kitu. Habu na rimu zilingane na za gari. Gharama yake ni kubwa kidogo mwanzoni, lakini baadaye gurudumu moja la akiba hutumikia vyombo viwili. Springi nazo zisichaguliwe kwa ugumu. Springi za lori chini ya tela la kilo 500 hazipindi kabisa. Kila shimo la barabara hupanda moja kwa moja hadi kwenye vyombo, na misumari ya kabati hutoka yenyewe kana kwamba imeitwa.

Baada ya hapo ni mkono wa tela, yaani vyuma vinavyotoka mbele ya sanduku hadi kwenye kiunganishi cha gari. Hapa ndipo tela la porini huvunjika. Vyuma viwili vinavyokutana mbele kwa umbo la herufi A vinafaa zaidi ya kimoja, na visikomee kwenye ukingo wa sanduku, bali vipite chini yake mpaka kwenye vishikio vya mbele vya springi. Mkono ukiwa mfupi mno, kona ya sanduku hugonga gari wakati wa kurudi nyuma. Mita moja na robo kutoka kiunganishi hadi sanduku ni kipimo cha kuridhisha. Mchomeleaji asikate mshono kwa upana juu wala chini ya chuma pale kinapoingia chini ya sanduku, kwa kuwa hapo ndipo kinapopindwa zaidi, na moto umekwisha kukidhoofisha. Mishono iende kwa urefu, ubavuni. Na chuma chenye koti la zinki kisichomelewe kabla koti halijasuguliwa likaondoka. Moshi wa zinki humletea fundi homa na kutetemeka jioni ile ile, na maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa hayauzuii kuingia mapafuni. Dawa ni kulisugua koti, na kufanyia kazi mahali penye upepo.

Sasa lije suala lenye kuhusu roho za watu. Lichukuliwe kwa mfano tela ambalo pamoja na mizigo yake yote lina kilo 500. Mkono wake unapaswa kukikandamiza kiunganishi cha gari kwa kilo 50 hadi 75, yaani sehemu 10 hadi 15 katika kila 100. Uzito huo ndio unaolishika tela lifuate gari kwa unyofu. Kwa sanduku la mita mbili, ekseli huwekwa kama sentimita 10 nyuma ya katikati, na sanduku la spana likikaa mbele, kipimo hupatikana bila taabu.

Mpaka hapo mambo ni mazuri. Kisha huja jiko. Jiko linapendwa liwe nyuma, kwa sababu mlango wa nyuma ukishushwa huwa meza, na mpishi husimama wima badala ya kuinama juu ya mafiga. Hakuna atakayemlaumu mama wa nyumba kwa kulipenda. Lakini kabati hilo na vyombo vyake likiwa na kilo 50, na likikaa sentimita 70 nyuma ya ekseli, huutolea mkono wa mbele uzito wa kilo 15 hivi. Gurudumu la akiba la kilo 25 likitundikwa mlangoni, mita moja nyuma ya ekseli, huondoa kilo nyingine 10 na zaidi. Kilo 50 zilizokuwapo zimebaki nusu, wala hakuna kitu kilichoonekana kuharibika. Tela limesimama uani, limepakwa rangi, na majirani wanalisifu.

Litakapoteremka mlima kwa kilomita 80 kwa saa, upepo wa basi linalopita utalisukuma kidogo, nalo litaanza kuyumba kushoto na kulia, kila mara likienda mbali zaidi, mpaka linaanza kuusukuma mkia wa gari lenye watoto ndani. Dereva mwenye hofu hukanyaga breki kwa nguvu, na hapo ndipo gari na tela hupindana. Anayejua huondoa mguu kwenye mafuta, huushika usukani bila kushindana na mayumbo, na huacha mwendo upungue wenyewe. Afadhali zaidi ni kutofika hapo. Jiko linaweza kuwekwa ubavuni karibu na ekseli. Mpishi bado husimama wima. Gurudumu la akiba liende mbele, juu ya mkono wa tela. Na kama jiko ni lazima liwe nyuma, ekseli isogezwe nyuma kulifuata, kabla vishikio vya springi havijachomelewa.

Maji nayo yana hesabu yake. Lita moja ni kilo moja, na jamaa ya watu watano wanaokwenda mahali pasipo kisima hawatapungukiwa na lita 60. Wajenzi wengine huliweka pipa mbele ili kuuongezea mkono uzito. Lakini maji hunywewa, na siku ya tatu uzito uliotegemewa umekwisha tumboni mwa watu. Mahali pake ni juu ya ekseli, chini kadiri iwezekanavyo, ambapo likijaa au likiwa tupu mizani haibadiliki. Madebe matatu ya lita 20 ni bora kuliko pipa moja kubwa: maji hayabingiriki ndani yake kwenye kona, na debe moja likitoboka mawili yamesalia.

Kupima uzito wa mkono hakuhitaji chombo cha kigeni. Tela likishapakiwa kama la kusafiri, huegeshwa mahali tambarare, magurudumu yakazuiwa kwa mawe, na kiunganishi kikalazwa juu ya kipande cha mti kilichosimama kwenye mizani ya kupimia watu, kwa kimo kile kile kitakachokuwa nacho nyuma ya gari. Namba inayosomeka ndiyo jibu. Ni kazi ya dakika chache, na inashangaza jinsi inavyofanywa na wachache, hata miongoni mwa mafundi wanaopima kila bomba kwa milimita.

Breki na taa zisisahauliwe. Huko Australia, uzito unaokaa juu ya magurudumu ya tela ukizidi kilo 750, breki za tela ni amri ya sheria; tela la kilo 500 laweza kwenda bila hizo, lakini dereva wake hana budi kukumbuka kwamba gari sasa linasimama mbali zaidi kuliko lilivyozoea. Minyororo miwili ya usalama hupishanishwa chini ya mkono kwa umbo la X, ili kiunganishi kikiachia, mkono uangukie minyororo badala ya kuchoma ardhi.

Kwa upande wa nyumba, adui mkubwa ni vumbi. Gari na tela vinapokwenda, nyuma yake hewa hupungua, na vumbi huvutwa ndani kupitia kila ufa. Ukanda wa mpira milangoni pekee hautoshi. Wasafiri wa Australia hutoboa tundu dogo juu ya ukuta wa mbele, lielekee njia, na kulifunika kwa sponji. Hewa safi husukumwa ndani, na kwa kuwa ndani kumejaa, vumbi hukosa pa kuingilia. Unga hata hivyo ubaki kwenye kopo lenye kifuniko cha kukaza. Barabara yenye vijituta kama bati nayo hufanya ufundi wake: masufuria ya aluminiamu yaliyopangana husuguana mpaka yakatoa unga mweusi, na makopo ya soda hutobokeana yakamwaga kila kitu juu ya mablanketi. Taulo kuukuu baina yake ni kinga ya kutosha. Kama vyombo vya nyumbani vimefungwa barabara mpaka havilii, basi na nati za springi huenda zimefungwa vivyo hivyo. Mwenye kuvumilia makelele jikoni huvumilia na mengine.

Mtungi wa gesi usimame nje ya sanduku, au ndani ya kisanduku chake chenye matundu chini, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujikusanya sakafuni ikingoja kiberiti. Jiko la makaa ndilo la kuhofiwa zaidi, kwa sababu limezoeleka. Usiku wa baridi ya milimani, mzazi huliingiza hemani lipashe moto watoto, akiona makaa yamefunikwa na majivu na moshi umekwisha. Lakini makaa hayo bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu usingizini bila hata mmoja kukohoa. Blanketi la ziada lipewe nafasi katika ule uzito uliohesabiwa. Jiko lilale nje.

Wala mtu asipande ndani ya tela likiwa mwendoni, hata kwa umbali mfupi wa kutoka kambini hadi sokoni. Halina kiti, halina mshipi, na dereva hamwoni wala hamsikii aliyemo. Tena watoto watatu waliojibanza nyuma wameuondoa uzito wa mkono kuliko jiko lolote.

Safari ya kwanza iwe fupi, na mizigo yote iwemo. Baada ya kilomita 50 dereva asimame na kuweka kiganja juu ya kila habu: uvuguvugu ni sawa, lakini ikiwa haishikiki, beringi imekazwa mno au grisi haitoshi. Nati za magurudumu na boliti za springi zikazwe tena hapo hapo, maana chuma kipya hujikalisha. Mbele ya kivuko cha mto, tela lipumzike kidogo kwanza. Habu yenye moto ikitumbukia katika maji baridi huyafyonza ndani, na beringi huoza kimya kimya hadi safari nyingine. Na baada ya kurudi nyumbani, kabla ya kuosha, mtu alale chini ya mkono wa tela akiwa na tochi na kuitazama mishono mmoja mmoja pale vyuma vinapoingia chini ya sanduku. Ufa wa kwanza hauonekani kama ufa. Huonekana kama mstari mwembamba wa kutu katika rangi mpya, mwembamba kama unywele.