Tanuri la Ndege na Mirija Isiyoonekana kwa Macho

Wengi wetu tunaijua boti ya faiba. Fundi hutandika kitambaa cha nyuzi za kioo, hukipaka resini iliyochanganywa na dawa ya kugandishia, kisha husubiri iwe ngumu. Akizidisha dawa, resini hupata moto ndani ya ndoo, hufuka moshi na kuharibika. Akipaka kwa pupa, mapovu ya hewa hubaki ndani, na hapo ndipo boti itakapoanza kupasuka.

Ndege za kisasa hutengenezwa kwa elimu hiyo hiyo, ila kosa lake ni ghali zaidi. Boeing 787, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza mwaka 2018, karibu nusu ya uzito wa umbo lake ni vitu vya namna hii, hasa nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa gundi ya epoksi. Nyuzi hupangwa tabaka juu ya tabaka, kisha huingizwa katika tanuri la mgandamizo liitwalo otoklevu. Humo joto hufika nyuzi 180 hivi za Selsiasi, na mgandamizo huzidi ule wa hewa ya kawaida mara kadhaa, ili mapovu yabanwe yatoweke. Tanuri hilo huweza kumeza kipande kizima cha kiwiliwili cha ndege, na wenye uwezo wa kulinunua ni wachache. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kemia ya gundi imo vitabuni kwa kila mtu, lakini kazi anaipata mwenye tanuri.

Sasa yamekuja mambo ya nano. Nanomita moja ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni 1. Ukichanganya mirija ya kaboni yenye wembamba wa kiasi hicho ndani ya gundi, unapata taabu anayoijua kila mpika uji: hufanya madonge, na gundi huwa nzito isipenye baina ya nyuzi. Watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, wakiongozwa na Profesa Brian Wardle, hawakuichanganya. Waliifanya utando mwembamba. Mwaka 2015 walieleza jinsi walivyouweka utando juu ya kipande na kuupitishia umeme, ukapata joto kama waya wa jiko la umeme. Gundi iliiva bila tanuri, kwa asilimia 1 tu ya nishati ya kawaida. Mwaka 2020 wakaonyesha kwamba utando ukiwekwa baina ya matabaka, vijitundu vyake huivuta gundi kama utambi uvutavyo mafuta ya taa, na nafasi za hewa huzibika bila otoklevu. Vipande vilipopimwa vilikuwa imara sawa na vile vya tanurini.

Vilikuwa vipande vya sentimita chache, lakini. Bawa zima ni habari nyingine, na tunawaonya wale wanaosoma kichwa cha habari wakaanza kuuaga otoklevu.

Lipo pia la mapafu. Mwaka 2008 yalichapishwa majaribio ya panya: mirija mirefu ya aina hii, ilipotiwa tumboni mwao, ilileta madhara yanayofanana na ya asbestosi. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka aina mojawapo miongoni mwa vitu vinavyoweza kuleta saratani. Ndani ya gundi iliyoiva mirija imefungika. Anayekabiliwa na hatari ni yule anayeitengeneza, na yule anayekata na kupiga msasa.

Sisi twautaka ufundi huu, kwa kuwa unaweza kumpa karakana ndogo kazi ambayo leo ni ya matajiri peke yao. Lakini mafundi wetu wa boti hupiga msasa kifua wazi, leso imefungwa puani. Kabla ya kuuliza utando huo utafika lini, tungeuliza kwanza vipumulio vyao vitatoka wapi.