Mubambiro: nani atasema nyumba isimame wapi?

Ukitoka Goma kuelekea Sake kwa barabara ya taifa nambari 2, Mubambiro unaikuta kabla ya kuingia Sake. Miaka ya vita jina hilo lilisikika sana juu ya kambi za askari wa MONUSCO na wa SADC, na juu ya mashitingi ya wakimbizi. Waliorudi upande huu wa Masisi mwaka 2025, wengi walikuta nyumba zimebomoka ama manjanja zimebebwa. Basi kila mtu anajijengea: mbao, misumari, fundi mmoja. Arshitekti hakuna anayemuuliza. Kwa mawazo ya wengi, huyo ni mtu wa matajiri, wa kuchora nyumba za Himbi kule Goma.

Lakini ardhi ya hapa njo inamuhitaji. Iko mawe ya volkano: lava ya Nyamulagira ya 1938 mpaka 1940 ilishuka mpaka Ziwa Kivu karibu na Sake. Kuchimba msingi ni kazi ngumu, kuchimba choo ni zaidi. Halafu kuna mazuku. Hewa hiyo ni gesi ya kaboni, nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina harufu, inalala ndani ya mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Mbuzi anakufa kwanza, kisha mtoto aliyelala chini. Upande wa Mugunga, Bulengo mpaka Sake wenyeji wanaijua. Aliyekimbia kutoka mbali, akapewa kipande cha ardhi bure ndani ya shimo, ataijua namna gani? Kabla ya kuchora ukuta, arshitekti anauliza maji yanaenda wapi, upepo unatoka wapi, watu watatokea wapi lava ikija. Goma ililipa bei ya swali hilo la mwisho tarehe 17 Januari 2002, na Nyiragongo ikalirudilia tarehe 22 Mei 2021.

Kijana wa Mubambiro anayetaka kazi hii anaanzia sekondari: seksio ya ujenzi, ama hesabu na fizikia, kisha mtihani wa taifa. Baada ya hapo njia inakuwa nyembamba. Goma kuna masomo ya uinjinia wa ujenzi, kwa mfano ULPGL, na ni masomo mazuri. Tatizo ni kwamba injinia anapiga hesabu nyumba isianguke; nyumba ikae wapi na watu waishi ndani namna gani, hilo ni somo lingine. Chuo kinachojulikana kwa usanifu ni ISAU, na iko Kinshasa: licence miaka 3, master 2. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe mwisho wa Januari 2025, safari ya Kinshasa ni ya kuzunguka kwa nchi jirani. Mzazi aliyepoteza mashamba hawezi hata kuanza kuhesabu gharama hiyo.

Kuna aliyepitia mlango mwingine. Francis Kéré wa kijiji cha Gando, Burkina Faso, alikuwa seremala. Mwaka 1985 alipata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa useremala huohuo, akasomea usanifu baadaye. Shule ya Gando, ya udongo na paa lililoinuliwa ili joto litoke, aliimaliza 2001 pamoja na wanakijiji, akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker. Si kila seremala atapata Ujerumani, ni kweli. Ila mikono iliyojua mbao haikumpotezea wakati.

Mubambiro mafundi mbao hawakosekani. Kijana anayewasaidia wakati wa likizo anajifunza vipimo bila kulipa minervali. Na kuna mchoro mmoja anaoweza kuufanya hata leo, kwa kalamu na karatasi, bila kushuka popote: aulize wazee wa kartie mashimo ya mazuku yako wapi, ayaweke kwenye ramani, aipelekee chefu kabla kiwanja kingine hakijagawanywa.