Muzee akianza kusahau, tumupime tansio kwanza

Mu mitaa yetu, habari hii inajulikana. Muzee aliyetumika miaka mingi mu mugodi anaanza kuuliza neno moja mara tatu. Anahesabu feza na haimalizi hesabu. Anatoka kwenda sokoni na watoto wanamukuta mutaa mwingine. Mu nyumba kila mutu anasema lake. Mumoja anasema: "Ni uzee tu." Mwingine: "Bamemuloga." Na kuna wale wanaosema neno baya kupita yote: "Yeye mwenyewe ndiye mulozi." Mara chache sana tunasikia mutu akisema: "Twende ku lupitalo bamupime tansio."

Sisi tunaona hilo ndilo neno la kwanza kusemwa. Maladi ya moyo na ya mishipa ya damu haiui moyo peke yake. Inakula bongo pia, pole pole, miaka na miaka, mbele mutu hajajua kitu. Na miaka hiyo, kwa wengi wetu, ni miaka ya kazi.

Tufahamu namna inavyofanya. Bongo ya mutu ni ndogo, kama sehemu 2 juu ya 100 za uzito wa mwili. Lakini inatumia karibu sehemu moja juu ya tano ya oksijeni yote tunayovuta. Tena haina ghala ya kuiweka. Damu ikikosa kufika kwa dakika chache tu, bongo inaanza kufa.

Wale waliotumika chini ya udongo hawana haja ya kufundishwa hesabu hiyo. Ku Kipushi, mwaka 2011, pompi zilishindwa na maji ikafunika mugodi. Pompi hazikuharibika siku moja. Ni matunzo yaliyokosa muda mrefu. Moyo ni pompi yetu, mishipa ni bomba zake, na bongo iko mwisho wa bomba zile nyembamba kabisa. Tansio ikikaa juu miaka kumi, miaka ishirini, bomba zile zinakuwa ngumu, zinaziba, zingine zinapasuka. Kila moja inapoziba, sehemu ndogo ya bongo inakufa. Mutu haanguki, hasikii maumivu. Ila zikiwa nyingi, akili inakuwa nzito.

Kuna njia zingine pia. Moyo ukipiga ovyo ovyo bila mupango, damu inaweza kuganda ndani yake. Kipande kikipanda ku bongo, ndiyo kiharusi, ile wengi wanaita AVC. Na moyo ukichoka, hausukumi damu ya kutosha: muzee anavimba miguu, anakosa pumzi, na mawazo yake yanakuwa ya pole pole.

Tena tuangalie vizuri dalili zake. Bongo iliyoharibiwa na mishipa, mara nyingi haianzi na kusahau majina. Inaanza na kuchelewa kufikiri, kushindwa kupanga kazi aliyozoea, kukasirika bila sababu, kutembea kwa hatua fupi. Anaweza kukaa vile miezi, kisha anashuka ngazi moja kwa gafula. Jamaa likiona ngazi ile, linatafuta nani amemuloga, kumbe ni mushipa umeziba.

Wengine watatujibu: "Hiyo ni maladi ya Wazungu na ya watajiri." Hapana. Ku Kinshasa kwenyewe, mutafiti Mukongo Jean Ikanga na wenzake wanachunguza Alzheimer na maladi zingine za kusahau kati ya wazee wetu. Na tansio haichagui tajiri. Inapenda makayabu yenye chumvi nyingi, inapenda kube tatu mu sufuria moja, inapenda lutuku, tumbako, na usiku bila usingizi. Hivi vyote viko kwetu.

Wengine watasema: "Uzee hauna dawa." Ni kweli, uzee hauna. Tansio iko nayo. Mu mwaka 2019, waganga wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi mukubwa, SPRINT MIND, uliofuata watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 na zaidi, wenye tansio. Wale walioshushwa tansio chini zaidi walipungukiwa na hatari ya kuanza kupoteza kumbukumbu. Na mwaka 2024, kundi la wataalamu wa gazeti la waganga The Lancet lilihesabu kwamba karibu nusu ya maladi za kupoteza akili uzeeni duniani ingeweza kuzuiwa ao kuchelewa, kama watu wangeepushwa na mambo 14. Kati ya hayo: tansio, maladi ya sukari, tumbako, pombe nyingi. Na mengine tunayajua ku kazi: makelele yanayoua masikio, kuumia kichwa, hewa chafu.

Basi hapa ndipo tunapotaka kuongea na wenye kazi na wenye sindika. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamulazimisha mwenye kazi kutunza afya ya mutumikaji na jamaa lake wakati wa mukataba. Wakati wa mukataba. Lakini mishipa haijui tarehe ya kumaliza mukataba. Tukumbuke 2003, wakati watumikaji karibu 10,000 wa Gécamines walipotoka kwa kile kilichoitwa kutoka kwa mapenzi yao. Walipewa feza ya mara moja. Wengi wao leo ni wazee, na dawa ya tansio ni ya kila siku mupaka mwisho wa maisha. Feza ya mara moja na dawa ya kila siku haviendi pamoja. Na watoto wao walio mu sous-traitance, ao ba creuseurs wasiokuwa na mukataba wowote, nani anawapima?

Hatuombi mashine za bei kubwa. Tunaomba mambo matatu. La kwanza: kila mutumikaji mwenye miaka 40 na zaidi apimwe tansio na sukari kila mwaka, na namba yake apewe mukononi, si kubaki mu kabati ya kampuni. La pili: mutu anapotoka ku kazi, atoke na karatasi za afya yake na dawa ya miezi ya kwanza, mupaka apate munganga mwingine. La tatu: sindika ziandike neno hili mu mapatano, pamoja na mushahara na prime. Dawa za tansio za kawaida ni za zamani, na kila farmasi inazijua.

Na sisi ku nyumba tuko na kazi yetu. Tupimwe: 140 juu ya 90 ikirudi mara na mara, si ya kuchezea. Tusiache dawa juu tunasikia muzuri. Ni dawa inayofanya tusikie muzuri. Tupunguze chumvi: kijiko kimoja kidogo kwa siku kwa mutu muzima, pamoja na ile ya kube. Tutembee. Kinywa kikipinda gafula, mukono ukianguka, maneno yakichanganyika, tukimbie ku lupitalo saa ile ile. Maombi yafanyike mu njia.

Si kila kusahau kunatoka ku moyo. Malaria, pombe, huzuni, kukosa chakula, vyote vinaweza kuvuruga akili, na vingine vinapona. Ndiyo maana munganga aangalie mbele ya jirani kutoa hukumu.

Baba ao nkambo anayekuuliza neno moja mara tatu, mujibu mara tatu. Kisha mushike mukono, umupeleke bamupime. Na wewe mwenyewe, ukiwa pale, vaa upepo ule ku mukono: miaka yako ya kusahau inaandikwa leo.