Gesti bila maana ni dansi tu

Ku miji yetu ya mine, batoto bengi banapenda kung fu. Banaona filme, kisha banaomba franga ya kuingia ku klabu. Mimi sikatai. Lakini franga ya baba mwenye kushinda ndani ya shimo inapashwa kulipa fundisho la kweli.

Ile mufululizo wa magesti yenye batoto banarudiliaka kila siku, Bachina banaiita taolu. Kila gesti ndani yake iko na kazi. Tutwae mufano wa taijiquan. Kuko fasi moja yenye jina "kushika mukia ya ndege". Ukitazama, utaona paka mikono yenye kuzunguka polepole. Lakini ndani yake muko mambo ine: peng, kupokea nguvu ya mwenzako bila kuvunjika, lü, kuivuta na kuipitisha pembeni, ji, kumubana, an, kumusukuma. Mwenye kujua haya, mikono yake iko na macho. Mwenye hajui, anapunga upepo.

Njo maana kuko pia zoezi la tuishou: bantu babili banagusana mikono na kusukumana, ili kila mumoja asikie kama gesti inatumika kweli.

Bamoja batasema taolu ni ya afya tu. Ni sababu nzuri. Mwaka 1956, serikali ya China ilitosha taijiquan fupi ya magesti 24 ili raia bengi bajifunze. Na mbele sana, ku karne ya 16, jemadari Qi Jiguang aliandika kama kupigana mikono mitupu hakusaidii sana ku vita kubwa, lakini kunazoeza mikono na miguu. Yeye alisema wazi. Mwalimu naye aseme wazi: asidanganye mutoto kama na ile gesti atashinda muntu wa kisu. Uongo kama ule unaweza kuua mutoto.

Sisi bantu ba mine tunajua hii jambo. Muzee wa kazi akigonga paa ya shimo na chuma, anasikiliza. Jiwe yenye kushika inalia wazi. Yenye kuachana inalia sawa ngoma. Mupya anaweza kuiga ile kugonga muzuri sana, lakini kama hajui sauti, jiwe itamuangukia.

Kwa hiyo, bazazi, mufike ku klabu na muulize: Huu mukono unafanya nini? Adui iko anafanya nini wakati ule? Muguu ukiwa fasi ingine, nini itaharibika? Mwalimu wa kweli hatakasirika. Ataita mwanafunzi mwingine, atamuambia "shika mukono yangu", na ataonyesha. Mwenye kujibu paka "njo vile banafanyaka", muchukue mutoto mwende kutafuta mwingine.