Kuridhika na Kazi Si Kuridhika na Malipo

Kuna watu wamegeuza maikrofoni kuwa fimbo. Wanakuja hapa Dallas, mtaa wetu wa Embu, wanatuambia vijana kwamba kibarua ni usingizi. Amkeni, wanasema, fikirieni makubwa! Sawa. Lakini ndugu yangu, hiyo kahawa uliyokunywa asubuhi ilichumwa na aliyelala?

Mimi huchuma. Msimu ukifika tunatoka Dallas kabla ya jua, tunapanda kuelekea mashamba ya upande wa Manyatta. Kahawa haiivi yote pamoja. Tawi moja lina matunda mekundu na ya kijani, kwa hivyo huwezi kulikwangua lote ukaenda zako. Unachagua moja moja, na baada ya siku kadhaa unarudi kwa mti uleule. Jioni unamwaga kwa gunia, unachambua tena: mabichi kando, yaliyokauka kando. Ukiharakisha, mabichi yanaingia na ladha inaharibika.

Mtu asiniambie hapo akili imelala. Vidole vikishajua njia, kichwa kinapata nafasi yake. Marehemu baba yangu nilimsamehe nikijaza debe la tatu, siku ya kawaida tu, bila semina na bila kiingilio. Siku hiyo sikutamani kuwa mahali pengine.

Sasa nyinyi mnaotusifu kwa uvumilivu, msipige makofi bado. Serikali ya kikoloni iliwalinda walowezi kwa kuwazuia Waafrika kulima kahawa. Ni miaka ya 1930 ndipo wazee wa Embu, Meru na Kisii walianza kuruhusiwa, tena kwa masharti. Kabla ya hapo walionekana wanafaa kuichuma tu, si kuimiliki. Mikono ni ileile, kazi ni ileile. Tofauti ilikuwa nani anabaki na pesa.

Kwa hivyo tusichanganye mambo. Anayesema kazi yangu ni ya kijinga kwa sababu inajirudia, hajawahi kuifanya vizuri. Na anayesema nisidai kwa sababu naonekana nimetulia, huyo ni mwizi mwenye sauti nzuri.

Utulivu ni wangu, nimeupata mwenyewe kati ya matawi. Malipo ni deni lako. Nikiimba nikichuma, sijasema nimekubali debe lenye kilima juu lihesabiwe debe moja.